BOTI ILIYOINGIA MAJI ISIRUDI BAHARINI KABLA YA KUKAGULIWA



Huenda wengine wenu mtauliza, habari za boti zafanya nini katika gazeti la wafanya kazi wa reli? Jibu letu ni fupi. Sisi tutokao Matsangoni na vijiji vya jirani tuna mguu mmoja katika reli na mguu mmoja katika bahari. Mshahara wa mwezi ukiisha, samaki wa Uyombo na wa hori ya Mida ndio walishao watoto. Wako ndugu zetu ambao hawana kazi nyingine ila uvuvi. Wako wenzetu waliostaafu wakatia kiinua mgongo chao chote katika boti ya faiba na mashine yake. Wako na wengine waliochanga fedha pamoja, watu wanne watano, wakanunua chombo kimoja. Kwa hiyo boti ikiingia maji, iliyo hatarini ni akiba ya mfanya kazi ya miaka mingi, na walio ndani yake ni ndugu na wana wetu.

Neno tunalotaka kulisema ni hili. Boti iliyoingia maji isirudi baharini mpaka imekaguliwa yote, toka kizibo hata mashine. Na siku za ukaguzi huo mabaharia wapewe posho. Mambo haya mawili hayatengani. Tukilisema la kwanza tukaliacha la pili, tumesema bure, kwa maana mtu mwenye njaa hawezi kungoja fundi.

HATARI HAIISHI MAJI YANAPOFULIWA

Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ni wakati ule maji yanapoingia. Wimbi limepiga kwa nyuma, boti imejaa, mabaharia wamefua maji kwa ndoo na makopo, wamefika pwani salama, wamemshukuru Mungu. Basi huona yamekwisha. Kesho yake kamba ya mashine huvutwa, mashine ikalia, na mtu husema, "Si mwaona? Nzima." Lakini mashine kuwaka si ushahidi wa uzima. Chumvi hufanya kazi yake ndani, mahali pasipoonekana, na mashine iliyowaka leo ufukweni yaweza kuzima kesho kutwa nje ya mlango wa mwamba, wakati wa kusi, pasipo na mtu wa kuitwa.

Sisi watu wa reli somo hili twalijua kwa msiba. Mwezi wa Januari 1993 treni ya abiria iliyotoka Nairobi kwenda Mombasa ilitumbukia mtoni pale Ngai Ndethya, kwa sababu mafuriko yalikuwa yameharibu daraja. Watu zaidi ya 100 walikufa. Kwa hiyo mtu wa reli haulizi tu kama mvua imekatika. Huuliza maji yamefanya nini yalipopita. Je, kokoto zimechukuliwa chini ya mataruma? Je, mguu wa daraja umefukuliwa? Genge hutembea kwa miguu na kutazama, ndipo treni ipite. Na injini ya dizeli ina mota za umeme chini, karibu na magurudumu. Zikiingia maji haifai kupewa mabehewa mpaka zikaushwe na kupimwa.

Nasi twauliza: chombo cha baharini nacho kina mataruma yake, tena kimebeba watu. Kwa nini kisikaguliwe vivyo hivyo?

MAMBO YA KUKAGUA

Tumeyapanga kwa utaratibu wake, na utaratibu huo una maana. Atakayeanza na mashine akasahau watu amekosea, na atakayetengeneza mashine bila kutafuta tundu amefanya kazi bure.

La kwanza ni WATU. Wahesabuni. Mtazameni kila mmoja. Mtu aliyemeza maji ya bahari au aliyevuta maji kifuani asiachwe aende kulala peke yake kwa sababu amesema "mimi mzima." Shida ya kupumua yaweza kuja baada ya saa kadhaa. Akikohoa bila kukoma, akipumua kwa shida, akilegea au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali ya Kilifi au ya Malindi saa ile ile. Mashine itangoja.

La pili ni MLANGO WA MAJI. Maji yameingilia wapi? Swali hili lisijibiwe kwa kudhani. Anza na kizibo cha nyuma: je, kilifungwa? Meno yake yameliwa? Mpira wake umepasuka? Boti nyingi zimejaa maji kwa ajili ya kizibo cha bei ndogo. Kisha tazama ubao wa nyuma unaoshika mashine, pale zilipopita bolti. Tazama kila tundu lililotobolewa kupitisha waya au mpira wa maji. Boti ya mbao itazamwe kalafati yake katika kila ungo la ubao na ubao, na misumari iliyoota kutu. Njia nzuri ya kutafuta ufa ni kuipandisha boti nchi kavu, kuifuta ikauke, kisha kutia maji ndani na kutazama nje yanakotokea. Kama hakuna tundu lolote, basi maji yaliingia kwa juu, na hapo swali lageuka: je, ilipakiwa mzigo mwingi? Je, mashine ni nzito kuliko boti, hata nyuma ikakaa chini mno? Jibu lisipopatikana, boti isitoke.

Mtu asidharau maji kidogo. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Boti yenye chini bapa, urefu wa mita 5 na upana wa mita 1 na nusu, ikiwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, yaani sentimita 10, imebeba lita 750. Huo ni uzito wa watu zaidi ya kumi. Tena watu hao hawakai mahali pao: boti ikilala upande mmoja, wote hukimbilia upande ule ule. Ndiyo sababu boti yenye maji hupinduka kwa wimbi ambalo jana lisingeitikisa.

La tatu ni MASHINE. Hapa pana mambo mawili yasiyofanana. Mashine iliyopigwa na maji kwa juu tu yataka kuoshwa, kukaushwa na kutazamwa. Mashine iliyozama yote ni mgonjwa, na dawa yake ina saa. Chuma kilichotoka katika maji ya chumvi kikikutana na hewa huanza kuliwa katika saa chache. Mtu aiachaye mashine juani siku mbili "ikauke kwanza" ameiua kwa mkono wake.

Basi fanyeni hivi. Msivute kamba ya kuwashia kwa nguvu. Hewa hushindilika, lakini maji hayashindiliki. Silinda ikiwa na maji na pistoni ikasukumwa, konrodi hupinda. Ondoeni kofia ya mashine, ioshwe yote kwa maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya kwetu karibu na bahari vina chumvi, kwa hiyo tafuteni maji ya mfereji au ya mvua. Fungueni plagi. Ilazeni mashine hata matundu ya plagi yatazame chini, kisha zungusheni gurudumu la juu kwa mkono, polepole, mpaka maji yote yatoke. Likikwama au likikwaruza, acheni hapo hapo. Labda mchanga umeingia au chuma kimepinda, na kazi hiyo ni ya fundi. Mashine iliyozama huku ikizunguka isiwashwe kabisa kabla fundi hajaifungua.

Likizunguka vizuri, toeni maji yote katika kabureta na katika mipira ya petroli. Tieni oili kidogo katika matundu ya plagi na kuzungusha tena, ili oili ipake kuta za silinda. Mashine inayotumia oili yake mbali na petroli itolewe oili yote na kutiwa mpya, na mkiona bado yageuka rangi itolewe tena. Tieni plagi safi na petroli safi, kisha iwasheni siku ile ile, ikiwa na maji ya kuipoza, iende nusu saa au zaidi hata joto likaushe ndani. Kama fundi yuko mbali na hamwezi kuifanya kazi hiyo leo, ni afadhali kuitumbukiza mashine yote katika pipa la maji matamu mpaka afike kuliko kuiacha wazi hewani. Maneno haya huwashangaza watu, lakini ndivyo mafundi wa mashine za boti wafundishavyo.

Msisahau oili ya gia kule chini karibu na rafadha. Fungueni skrubu ya chini, mtazame. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Isitoke mpaka oili imebadilishwa na mpira uliopasuka umepatikana.

La nne ni PETROLI. Chukueni chupa nyeupe ya plastiki, mtie petroli kidogo kutoka chini kabisa ya tangi, mwiache itulie. Petroli hukaa juu, maji hukaa chini, na mpaka wake huonekana kwa macho. Yakionekana maji, tangi lote litolewe na kuoshwa. Wala msiimwage petroli hiyo katika mikoko ya Mida. Ile ndiyo nyumba wanamokulia samaki tunaowategemea. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini ya boti. Boti yenye sakafu au masanduku ya kufungwa ifunguliwe ipigwe na upepo kwanza. Asiwepo mtu wa sigara, wala mtu wa kujaribu swichi.

La tano ni BETRI NA WAYA, kwa boti zilizo navyo, kama zile za kuchukulia watalii. Kabla ya mengine yote yanayohusu umeme, ondoeni waya za betri, ule wa hasi ukitangulia. Betri iliyoingia maji ya chumvi yaweza kutoa hewa yenye sumu; mkisikia harufu kali kama ya dawa ya kutakasia maji, jitengeni na mngoje upepo. Waya uliolowa chumvi hudanganya: nje unang'aa, ndani umegeuka kijani na kukatika. Kateni kidogo mwisho wake mtazame. Kama boti ina pampu ya kutoa maji, ijaribuni kwa kuitilia maji ya ndoo, wala msiridhike na sauti yake.

La sita ni MWILI WA BOTI. Boti nyingi za faiba zina masanduku ya hewa, au zimejazwa povu gumu kama lile la sanduku la barafu, ili zielee hata zikijaa. Povu lililonyonya maji halielezi tena, hulemea. Pigeni sakafu na kuta kwa kipini cha nyundo. Palipo pazima hulia, palipooza husema kwa sauti nzito. Tazameni mstari wa maji ubavuni: boti tupu ikikaa chini kuliko zamani, kuna maji yaliyofichwa.

Msione ni jambo dogo. MV Bukoba, meli ya Shirika la Reli la Tanzania, ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Waokoaji walipotoboa chuma ili kuwatoa watu walionaswa, hewa ilitoka na meli ikaenda chini. Mamia ya watu walikufa. Kishikiliacho chombo juu ya maji ni hewa, na masanduku yale ya hewa katika boti zetu ndogo ni roho yake. Lenye ufa lizibwe kabla ya siku ya haja.

La saba ni VIFAA VYA KUOKOLEA. Majaketi yaoshwe kwa maji matamu, yakaushwe kivulini, mikanda yake ivutwe kwa nguvu. Lililo zito au lililochanika litupwe, wala lisiachwe katika boti kudanganya watu. Simu iliyolowa, tochi na fataki za kuombea msaada zisihesabiwe kuwa zipo mpaka zimepimwa au kubadilishwa. Ndoo ya kufulia maji ifungwe kwa kamba, maana siku ya wimbi hutangulia kwenda.

La nane ni KUJARIBU. Boti iingizwe majini kwa kina cha kiunoni, karibu na watu, bila samaki, bila barafu, bila abiria. Mashine iende nusu saa ikiwa imefungwa, tena nusu saa ikizunguka ndani ya mwamba. Kisha ngama itazamwe. Ikiwa kavu, mwandike. Ikiwa na maji, mrudi jambo la pili. Safari ya kwanza baada ya hapo iwe fupi, pamoja na chombo cha pili, tena kasia zisiachwe nyumbani.

NJAA YA SIKU MBILI

Mtu akisoma orodha hii atasema, "Hiyo ni kazi ya siku mbili, labda tatu." Ni kweli. Na hapo ndipo penye shina la maneno yetu.

Desturi ya pwani yetu mwaijua. Samaki wakiuzwa, hutolewa kwanza gharama ya petroli na barafu, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu: fungu la boti, fungu la mashine, fungu la nyavu, na mafungu ya watu. Chombo kisipotoka hakuna fungu. Tajiri mwenye chombo ana duka au ana mshahara, ataishi. Baharia hana. Kwa hiyo tajiri hana haja ya kumlazimisha mtu kwa fimbo. Akisema tu, "Mashine imewaka, anayetaka kazi aende," njaa itamalizia maneno yake.

Msimu mmoja wa kusi tuliona jambo kama hilo huko kwetu, nasi twalisema bila majina. Boti ilijaa maji mlangoni, ikaletwa pwani, mashine ikawaka jioni ile. Nahodha wake, kijana mwenye akili, aliomba siku mbili afungue oili ya gia na kutazama ubao wa nyuma. Aliambiwa kwamba nahodha si yeye peke yake duniani. Akatolewa, akawekwa mwingine. Siku ya tatu mashine ilizima nje ya mwamba, na watu watano walichukuliwa na mkondo mpaka alasiri, walipoonekana na chombo kingine. Walirudi wote, lakini mashine haikufaa tena. Tajiri aliyekataa kulipa posho ya siku mbili alilipa mashine nzima, na yule kijana aliyesema kweli hakurudishiwa kazi yake. Sisi twaona hilo la mwisho ndilo baya kupita yote, kwa maana limewafundisha vijana wengine kunyamaza.

Wako wasemao, "Ajali haina kinga." Methali hii ni ya kumfariji aliyefiwa. Haikuwekwa iwe kisingizio cha mtu asiyetaka kununua kizibo. Wazee hao hao walituachia nyingine: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wale tuliosoma skuli za misheni twakumbuka safari ya Mtume Paulo kwenda Rumi. Paulo aliwaonya kwamba majira yamekuwa mabaya, lakini akida aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko yeye aliyekuwa mfungwa. Merikebu ikavunjika huko Malta. Watu wote 276 waliokoka, lakini shehena na chombo vilipotea. Tangu zamani hizo mnyonge hujua kuona hatari. Shida ni nani atamsikiliza.

HAKI IKO, ITUMIWE

Katika Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu ampe habari msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumtaka arudi penye hatari ile kabla haijaondolewa. Mwaka huo huo wa 2007, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 188 wa kazi ya uvuvi, ulioanza kutumika mwaka 2017. Mkataba huo wasema wazi kwamba mwenye chombo asimzuie nahodha kuamua jambo ambalo nahodha, kwa ujuzi wake, aliona ni la lazima kwa usalama wa chombo na watu wake. Yale aliyoyaomba kijana wa kwetu hayakuwa ukaidi. Dunia nzima imeyaandika.

Matajiri wengine hujibu, "Hawa si waajiriwa wangu, ni washirika wa mafungu." Vema. Kama ni waajiriwa, sheria ya kazi yawalinda. Na kama ni washirika, basi wana sauti katika chombo, na mmoja hawezi kukata shauri peke yake la kukitoa. Achague moja. Hawezi kuwaita washirika siku ya hasara na watumishi siku ya amri.

Wala hatusemi kwamba kila mwenye boti ni mtu mbaya. Wengine wao ni sisi wenyewe. Mwanachama wa chama hiki ambaye kazini hudai breki zipimwe kabla treni haijaondoka, kisha nyumbani akamtuma mtoto wa jirani baharini na mashine ambayo haijafunguliwa, huyo hajaelewa maana ya chama.

TUNALOTAKA LIFANYWE

Kwanza, kila kikundi chenye boti kitoe fungu moja dogo la matengenezo katika kila mauzo, kabla ya mafungu mengine, nalo liwekwe katika akiba isiyoguswa. Fungu hilo ndilo litakalonunua plagi na oili, na ndilo litakalolipa posho mabaharia siku boti iko juu ya magogo.

Pili, kila boti iwe na daftari. Mambo yale manane yaandikwe ndani yake pamoja na tarehe, na aliyekagua atie sahihi. Dereva wa treni husoma daftari la injini kabla ya kuipokea, na nahodha asome lake. Kamati za ufukwe ziitwazo BMU zaweza kuyatunza madaftari hayo, na mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya akija aonyeshwe.

Tatu, neno la nahodha la kutotoka liwe la mwisho, wala asiondolewe kazini kwa ajili yake.

Nne, chama chetu kisaidie. Katika karakana zetu wamo mafundi wa dizeli, wa umeme na wa kuchomea chuma. Tunaomba kamati ipange Jumamosi chache kabla ya kusi, mafundi watatu wanne waende Uyombo, wakae na vijana chini ya mti, wafungue mashine moja mbele ya macho yao na kuifunga tena. Nauli toka Mombasa mpaka Matsangoni si kubwa. Na sanduku moja la spana, chupa nyeupe na makopo mawili ya oili likiwekwa kwa BMU litatumiwa na boti zote.

Ndugu, wazee husema chombo cha kuzama hakina usukani. Sisi twasema maneno hayo yasituvunje moyo. Chombo kilichokwisha kuonja maji kimetupa onyo, na onyo ni nafasi. Jumapili ijayo wanachama wa Matsangoni na jirani zake tutakutana baada ya ibada kuanza fungu la kwanza la matengenezo. Mwenye boti aje, na asiye na boti lakini ana ndugu baharini naye aje. Tutakuwa na daftari tupu na kalamu.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu, wafanya kazi wa reli wa Matsangoni.